Acheni tuyacheke maigizo ya zamani, ila tuonyesheni mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba wanaokaa na kuyacheka maigizo ya zamani ya televisheni wanawakosea adabu wasanii wetu, hasa waliotangulia mbele ya haki. Barua yake nimeisoma mara tatu hapa kwenye cherehani yangu. Uchungu wake nauheshimu, lakini naona amemkamata asiye mwizi.

Mimi nimekulia Temeke. ITV ilipoanza mwaka 1994, sisi wa Bara ndiyo kwanza tulikuwa tunaijua televisheni ya kwetu. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Kwa miaka mingi mtaani kwetu ilikuwa moja tu, ya chogo, inchi 14, mali ya jirani yetu dereva wa malori ya Zambia. Siku ya igizo sebule yake ilifurika. Watoto tulikaa mkekani, kina mama kwenye vigoda, wanaume walisimama mlangoni, na waliokosa nafasi walining'inia dirishani. Kijana mmoja alibaki uani kuulinda mlingoti wa antena. Picha ikianza chenga tulimpigia kelele: "Geuza! Hapohapo! Ah, umepitiliza, rudi!"

Na tulicheka tangu siku zile. Msomaji mwenzangu anadhani kicheko hiki kimekuja na simu za watoto wa leo. Hapana. Tulicheka na wazazi wetu wakiwepo, na wao ndio waliotufundisha.

Bingwa alikuwa mama yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa anauza vitumbua, mwanamke mpole, msemaji haba. Katika igizo moja kulikuwa na msiba. Marehemu amelazwa, amefunikwa shuka jeupe, wafiwa wanalia kwelikweli. Kamera ikamsogelea, na sote tukaliona shuka pale kifuani likipanda na kushuka. Mama akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwonea huruma: "Jamani, mpeni maji, safari yake ndefu." Watu walivunjika mbavu. Mwenye nyumba alitoka nje kwa kucheka.

Haikupita robo saa, mashemeji wakamfukuza yule mjane. Wakamtolea godoro lake nje, akalibeba kichwani, akaondoka na watoto wawili. Nikageuka nikamwona mama anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Yeye mwenyewe alikuwa mjane, na godoro letu nasi lilipata kutolewa nje. Marehemu anayepumua hakumzuia kulia. Igizo lilelile, jioni ileile, macho yaleyale.

Ukiyatazama maigizo hayo leo unaona kila kitu. Kamera ilikuwa moja, basi anayeuliza swali yuko kwenye jua la saa saba na anayemjibu magharibi imeshamwingilia. Pikipiki inapita barabarani, wote wananyamaza kuisubiri. Dripu ya mgonjwa imening'inizwa kwenye msumari wa kalenda. Mimi kama fundi naanza na nguo: koti la daktari mabega yamemwanguka, mikono imekunjwa mara tatu, najua limeazimwa. Wasanii mara nyingi walipewa kisa tu, maneno wakayatunga palepale, ndiyo maana tajiri anasema "nasema hivi" mara nne huku akitafuta cha kusema. Kuna mzimu mmoja sitausahau. Ulitakiwa kutoweka, wakazima kamera, mtu akaondoka, wakawasha. Mzimu kweli haupo, lakini kandambili zake zimebaki sakafuni.

Hapo ndipo ninapowapenda hasa. Wale watu hawakuwa na hela ya koti la daktari, na bado walitufanya Temeke nzima tufunge milango mapema tusikose. Steven Kanumba alipitia kundi la maigizo la Kaole kabla filamu hazijampeleka mbali, na alipofariki Aprili 7, 2012 alikuwa na miaka 28 tu. Akitokea kwenye igizo la wakati ule, sebuleni kwangu kicheko hukatika chenyewe, mtu mmoja husema "maskini, kijana mdogo vile", kisha tunaendelea. Mzee Small alituacha mwaka 2014, King Majuto mwaka 2018. Hao walifanya kazi ya kuchekesha maisha yao yote. Sebule iliyonyamaza ingewaumiza zaidi.

Anayenikera mimi ni mwingine. Anakata nusu dakika, pale msanii alipokosea, anairusha kwenye makundi ya simu bila jina la igizo wala la msanii. Anayeitazama hajui yule mama alibeba godoro. Hajakaa naye, hajamlilia, basi kicheko chake kinakuwa cha mtu anayemcheka mpita njia aliyeteleza. Msomaji mwenzangu angewaandikia hao, ningetia saini chini ya jina lake.

Sasa nije kwenye ombi langu. Mwaka 2003 kaka yangu alinunua deki, akalirekodi lile igizo la mjane liliporudiwa. Baadaye mtu akarekodi mechi ya Simba na Yanga juu ya kanda ileile, na mpaka leo hakuna aliyekiri. Antena tulishaitupa, maana analojia Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, lakini deki tunayo. Kila Idi ndugu wanakuja kwangu Morogoro, naisafisha kichwa kwa pamba na spiriti, tunaichomeka kanda. Tunamsubiri marehemu apumue. Wanangu, ambao bibi yao hawakumkuta, wanasema kwa pamoja: "Mpeni maji, safari yake ndefu!" Kisha godoro, na tunanyamaza. Kisha shemeji mkubwa anafungua sanduku la marehemu, anatoa karatasi, anaikunjua, macho yanamtoka. Mara uwanja wa mpira, mtu anapiga kona.

Ile karatasi ina nini? Kaka anashikilia kwamba ni wosia. Mimi nakumbuka deni. Binti yangu wa miaka tisa mwaka jana alisema ni risiti ya godoro, kumbe yule mjane alilinunua mwenyewe. Mama yangu aliutazama mwisho wake na angetuambia, ila hatukuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya televisheni, na wasanii wenye kanda majumbani: yatoeni maigizo hayo. Yaonyesheni mazima, na vivuli vya maikrofoni, na pikipiki, na majina ya wasanii yanayopanda taratibu mwishoni. Msiyakate wala kuyapamba kwa muziki mpya, kama kituo kimoja kilivyofanya majuzi hadi maneno hayasikiki. Kanda huota ukungu, na yangu imeanza kuonyesha mstari mweupe chini ya picha. Nataka wanangu waione ile karatasi.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro