Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Fomu ya ajali ijazwe, kibarua naye ni mfanyakazi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,

Salaam kutoka Mwanza. Ninakuandikia kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako, na ninaomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Nimehangaika kwa miezi kumi na mmoja, na kila mlango niliobisha nimeelekezwa mlango mwingine.

Juma lililopita, katika kiwanda kile kile cha minofu ya sangara nilikoumia mimi, glovu ya kijana mmoja ilinaswa na mashine ya kuchuna ngozi, naye akapoteza vidole viwili. Wenzake walimfunga mkono kwa kipande cha aproni, wakampakia kwenye bodaboda, na jioni mama yake akatumiwa shilingi 30,000 kwa simu. Nilipoletewa habari hiyo nilishindwa kula, kwa sababu kiasi hicho hicho ndicho nilichotumiwa mimi, tena na msimamizi yule yule.

Mheshimiwa, nimekata minofu kwa miaka sita. Siku niliyoumia, sakafu ilikuwa imejaa barafu na ute wa samaki, toroli la kreti likanigonga kiunoni, na kisu kikapita kwenye kiganja changu cha kulia kikakata kano. Leo vidole vitatu havikunji. Ugali nyumbani kwangu anasonga binti yangu wa darasa la tano, mimi nashikilia sufuria kwa mkono wa kushoto.

Majina yetu vibarua huandikwa getini kila alfajiri, kwenye daftari, kwa penseli. Siku ya tatu baada ya ajali, bandeji ikiwa imefika kwenye kiwiko, nilirudi kuomba kiwanda kijaze fomu ya taarifa ya ajali. Daftari lilifunguliwa mbele yangu. Penye mstari wangu karatasi ilikuwa imekwaruzika kwa kufutwa, na juu yake limeandikwa jina la mtu mwingine. Nikaambiwa, "Mama, siku hiyo hukuwepo kazini." Damu yangu ilikuwa bado iko kwenye gambuti nilizovaa.

Sikuwa naijua sheria. Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu ndiye aliyenisomea, akanieleza kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008 na Mfuko wake ukaanza kazi Julai 2015. Kwamba anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwamba aliyeumia anatibiwa, na akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Na kwamba ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, usipozidi hapo hulipwa mkupuo. Nilimuuliza kama hayo yanamhusu kibarua. Akanifungulia Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, inayomhesabu mtu kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo amemfanyia mwajiri huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Mheshimiwa, saa 45 mimi nilikuwa nazimaliza kwa siku tano.

Kinachoniumiza zaidi ni udogo wa gharama yenyewe. Mwajiri binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mimi nililipwa shilingi 8,000 kwa siku, kwa hiyo mchango wangu ulikuwa shilingi 40 kwa siku. Sidhani kwamba kiwanda kinachosafirisha minofu kwa ndege kwenda Ulaya kimeshindwa shilingi 40. Ninavyofikiri, wanaogopa kwamba wakimwandikia fomu kibarua mmoja watakuwa wamekiri kuwa wote tuliosimama kwenye zile meza ni wafanyakazi wao, na hapo yatafuata mikataba, likizo na michango ya uzeeni. Huenda nimekosea kuhusu sababu, lakini kuhusu jina langu lililofutwa sijakosea.

Ninaomba wakaguzi wako waje Mwanza bila kutoa taarifa, wafike getini saa kumi na moja alfajiri, wahesabu watu wanaoingia, kisha wadai orodha ya waliosajiliwa. Ninaomba vibarua waandikwe kwa wino. Na kama hayo ni mengi kwa sasa, basi ninaomba moja tu: fomu ijazwe. Sijaomba hisani wala mchango wa pole. Naomba karatasi inayosema kwamba niliumia, wapi, na nikimfanyia nani kazi, ili daktari aupime mkono huu na Mfuko uamue kwa mujibu wa sheria. Fomu ijazwe, Mheshimiwa.

Taarifa ya ajali inatakiwa itolewe ndani ya miezi 12. Mimi nimebakiwa na mwezi mmoja. Yule kijana bado ana muda, lakini jana mama yake alikwenda getini kuuliza, naye akaambiwa jina la mwanawe halionekani kwenye daftari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkata minofu wa zamani,
Mabatini, Mwanza