Malalamiko kuhusu video ya kiinimacho cha karata

Mteja wenu,
Kinyozi, Umoja,
Nairobi.

14 Machi 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana au Bibi Meneja,

MINTARAFU: VIDEO YA MAFUNZO YA KUGEUZA KARATA ILIYOTANGAZWA KUWA INAFANYIKA "HATA UKIZUNGUKWA"

Naomba mnirudishie shilingi 3,900 nilizowalipa kwa M-Pesa nikinunua video yenu ya kufundisha kugeuza karata mbele ya macho ya mtu. Naomba pia muyaondoe kwenye tangazo madai ambayo nitayataja hapa chini. Barua ni ndefu kwa sababu nilipolalamika kwenye tovuti yenu nilijibiwa na mashine kwamba siri ni mazoezi, kisha nikatumiwa kuponi ya kununulia video nyingine.

Kionjo chenu kinaonyesha mkono wa kushoto umeshika saba ya kopa. Mkono wa kulia unapita juu yake bila kuigusa, kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani, na palepale saba imekuwa malkia wa shupaza. Haijafunikwa wala haijachanganywa na nyingine. Chini yake mmeandika kwamba karata ni za kawaida, kwamba watu wanaweza kukuzunguka pande zote, kwamba huu ni uvumbuzi wenu, na kwamba hata Houdini, yule mfanya viinimacho maarufu wa zamani, angeduwaa. Nililipa kwa ajili ya maneno hayo. Mchana mimi ni kinyozi, na wikendi hufanya viinimacho kwenye harusi na sherehe za watoto. Mchezo unaofanyika nikiwa nimezungukwa una thamani kubwa kwangu, maana kwenye hema la harusi hakuna jukwaa wala pazia.

Huenda barua hii ikasomwa na mtu wa hesabu asiyejua karata, kwa hiyo nieleze kidogo, na sitatoa siri yenu. Michezo mingi ya karata hujificha ndani ya muda. Unachagua karata, unairudisha, tunapiga soga, na kazi yenyewe hufanyika wakati ambao hukujua kuna kazi. Ajabu inakuja baadaye, na ukirudisha mawazo nyuma hukumbuki lolote la kutilia shaka. Kugeuza karata kwa macho ni tofauti. Kazi na ajabu hufanyika katika nukta moja, huku mtu anatazama. Ndiyo maana watoto wanaupenda: hauhitaji maelezo wala kukumbuka karata gani ilikuwa ipi. Lakini kwa kuwa hauna muda wa kujificha, kitu lazima kijifiche nyuma ya kitu kingine, na kilichojificha huwa na upande ambao kinaonekana. Kwa hiyo mwalimu yeyote wa mchezo huu anapaswa kuanza na swali la nani amesimama wapi. Kwangu mimi hiyo ni nusu nzima ya somo.

Katika video yenu swali hilo haliulizwi hata mara moja. Kamera imesimamishwa mbele ya meza, juu kidogo, na haisogei mwanzo hadi mwisho. Kamera ina jicho moja na haina shingo. Binadamu ana macho mawili na shingo, na hapa kwetu ana pia binamu zake waliosimama nyuma yako wakila pilau. Mlichofundisha ni jinsi ya kuidanganya lenzi. Kama mngeandika hivyo kwenye tangazo, nisingekuwa na neno. Wapo vijana wanaotengeneza video za simu ambao hawahitaji zaidi ya hapo, na wangenunua kwa furaha.

Mimi hufanyia mazoezi dukani. Duka la kinyozi, kama mnavyojua, lina kioo mbele na kingine nyuma ili mteja aone kisogo chake. Niliufanya mchezo jinsi mwalimu wenu alivyoelekeza, vidole mahali pake, kasi ileile. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, shuka shingoni, akitazama kioo cha mbele kilichokuwa kinaonyesha kioo cha nyuma, akaniuliza kwa upole, "Bosi, mbona hiyo karata iko na kitu huku nyuma?" Nikasogea kulia kidogo. Mvulana aliyekuwa akingoja kwenye benchi akasema yeye pia anakiona.

Video ina njia mbili, na mnunuzi hajui hivyo mpaka amelipa. Ya kwanza ni ya mikono mitupu kweli, kwa karata za kawaida, ila ndani yake mkono wa kulia huifunika karata yote kabla haijabadilika. Ni njia nzuri na mwalimu wenu anaifanya vizuri mno. Pale anapoeleza kazi ya kidole gumba cha kushoto nilijifunza jambo, na ninalitumia. Lakini siyo ile ya kwenye kionjo, na wala siyo uvumbuzi wenu. Ubadilishaji wa aina hiyo, kwa mkono mmoja na kwa mikono miwili, umeelezwa katika kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase, jina ambalo mpaka leo watu wanabishana lilikuwa la nani hasa. Kitabu hicho kina michoro zaidi ya 100 na kinasomeka bure kwenye intaneti. Sina ugomvi na kufundisha cha kale. Nagombana na kukiita kipya kisha kukitoza bei ya kipya.

Njia ya pili ndiyo ya kwenye kionjo. Hapo, baada ya robo tatu ya video kupita, inatokea karata iliyotengenezwa maalumu. Haikutajwa kwenye tangazo. Haiji pamoja na video. Inauzwa kando, kwa dola, na inaagizwa ng'ambo. Mwalimu anaiweka mezani na kusema, bila haya, kwamba karata nyingine zote ni za kawaida. Kweli, nyingine zote. Hata sahani ya uyoga wenye sumu ina uyoga mwingine wote mzuri.

Na karata hiyo maalumu imechapishwa mgongo wa Bicycle, chapa ya Marekani iliyoanza mwaka 1885, yenye ukingo mweupe kuzunguka picha ya nyuma. Wafanya viinimacho wanaipenda kwa sababu zinazojulikana: karatasi ina vishimo vidogo vinavyozifanya karata ziteleze kwa mpangilio, na ule ukingo mweupe husaidia kuficha karata iliyogeuzwa katikati ya nyingine. Sasa nendeni mjini mkanunue karata kwa wachuuzi wa barabarani. Nyingi ni za plastiki au zimepakwa kitu kinachong'aa, zinateleza kama zimelowa, na migongo yake mara nyingi picha inafika hadi pembeni, bila ukingo. Karata yenu maalumu ikikaa ndani ya pakiti hiyo, hata aliye mbali anaona kwamba moja si ya familia. Mngewaambia wanunuzi mapema waandae pakiti ya aina gani. Ni sentensi moja tu.

Kuna jambo linaloniuma kuliko karata hiyo. Video inakatwa malkia anapotokea. Kila mara. Malkia anatokea, muziki unapanda, picha inabadilika, na tunaonyeshwa majengo ya jiji usiku. Lakini mbele ya watu wa kweli, hapo ndipo mchezo unapoanza kuwa mgumu. Mtu wa Nairobi akiona karata imegeuka hapigi makofi. Ananyoosha mkono: lete nione. Hawa ni watu waliocheza kadi shuleni, kwenye mabweni na nyuma ya madarasa. Wanajua uzito wa karata kwa vidole, wanajua anayeficha moja ili asitamke "niko kadi", yaani tangazo la anayekaribia kumaliza, na wamewahi kukamatana kwa hilo. Malkia wenu hawezi kupewa mtu mkononi. Akishikwa tu, siri yote iko wazi. Somo la jinsi ya kumwondoa na kumweka malkia halisi mahali pake ndilo mnunuzi alilohitaji kuliko yote, na mwalimu alilimaliza kwa kusema tufanye hivyo kwa namna itakayotufaa.

Na kuna pata potea, ile kamari ya ulaghai ya barabarani. Huwezi kufanya biashara ya karata katika jiji hili ukajifanya hujui. Mtu akiona karata mikononi mwa mgeni, anakumbuka pale River Road: karata tatu, mdomo mwepesi, na wale wanaojifanya wateja kumbe ni wenzake. Wengine wamelizwa pale, wengine wameshuhudia jirani akilizwa. Kwa hiyo watazamaji wetu hawakai mbele wakitazama macho ya mfanya mchezo. Wanazunguka ubavuni. Wanatazama mikono. Hili ndilo jiji mliloliuzia mchezo mkisema unafanyika hata ukizungukwa, nanyi ofisi yenu iko humuhumu, si Las Vegas.

Ufundishaji wenyewe nitaupitia haraka. Tangazo lilisema saa moja na dakika 20. Somo lenyewe, ukiondoa muziki, majengo na mwalimu akishuka ngazi, halizidi dakika 20. Hakuna picha hata moja iliyopigwa kutoka upande wa mwalimu, juu ya bega lake, ili mwanafunzi aone mikono kama atakavyoiona yake mwenyewe. Kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako muda wote. Tendo halionyeshwi polepole, na programu yenu haina kitufe cha kupunguza kasi. Video haipakuliki, hivyo kila ukirudia sehemu ileile bando linakwenda. Mazoezi mnayonihimiza nifanye yananigharimu, na pesa hizo haziingii kwenu wala kwangu.

Kuhusu Houdini. Alikuwa akijigamba kwamba akionyeshwa mchezo mara tatu ataujua. Mwaka 1922, mjini Chicago, Mkanada aitwaye Dai Vernon alimfanyia mchezo wa karata, akaurudia tena na tena, na Houdini hakuujua. Alikuwa amesimama karibu, anatazama kwa macho yake mwenyewe, akiwa na ruhusa ya kudai arudiwe. Hapakuwa na lenzi wala muziki wa kumkatiza. Kama mnataka kumtaja Houdini, basi mfundishe mchezo unaoweza kurudiwa mbele ya mtu aliyesimama karibu na anayeshuku.

Najua majibu mawili mtakayonipa. La kwanza ni mazoezi. Mazoezi hurekebisha vidole. Hayabadilishi mahali mtu aliposimama. Mwanga unakwenda moja kwa moja kutoka kwenye karata hadi kwenye jicho la aliye nyuma yangu, hata nikifanya mazoezi mpaka uzee. La pili ni kwamba bidhaa ya kidijitali ikinunuliwa hairudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Haikusema isipokuwa video. Habari ya kwamba kuna karata ya kununua kando, na kwamba mchezo una upande mmoja tu salama, ni habari niliyohitaji kabla ya kulipa. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa.

Ninachotaka, basi, ni shilingi 3,900 kwenye nambari ileile niliyolipia. Sitaki kuponi. Kwenye tangazo, muondoe "hata ukizungukwa", "karata za kawaida" na "uvumbuzi wetu", na muandike kwamba mchezo unahitaji karata maalumu isiyokuja na video na watazamaji walio mbele tu. Mkiamua badala yake kurekodi upya sehemu ya pili, kamera ikiwa nyuma ya bega na mtu akisimama kila upande, na mkafundisha jinsi ya kumwondoa malkia, nitakuwa wa kwanza kuilipia tena, na nitawaambia wenzangu. Tuko wengi kuliko mnavyodhani.

Nawapa siku 14. Zikipita nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Siri ya mchezo sitaiandika popote, kwa sababu si yangu peke yangu na kwa sababu hiyo ndiyo adabu ya kazi hii. Wakitaka ushahidi nitawafanyia mchezo kama ulivyofundishwa, wao wakiwa wamesimama kushoto kwangu.

Nimeambatisha ujumbe wa malipo wa M-Pesa, picha za tangazo kama lilivyokuwa siku niliponunua, na jibu la mashine yenu. Mkipiga simu, pigeni katikati ya wiki kabla ya saa saba mchana. Jumamosi sitaisikia kwa sababu ya mashine za kunyolea.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa Umoja