Kuku wa Mama Msiwauze

Gateshead, Uingereza
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Mimi sijambo, Alhamdulillahi, ila baridi imeshaanza kuuma, na saa kumi kasorobo jua limeshazama.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, nikausikiliza tena nilipofika nyumbani. Kwamba mama atoke Muheza aje akae nawe Dar, nimefurahi. Tangu baba afariki, kulala peke yake katika nyumba ile kubwa si jambo jema. Lakini mwishoni ukapitisha, kama neno dogo tu, kwamba kaka keshapata mteja wa kuku wote kumi na wanne, na paka atapewa jirani. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Naandika kwa urefu kwa sababu kwenye simu utaniambia "haya, tutaona," na Jumamosi kuku watapanda gari.

Kazi yangu unaijua. Tangu 2022 nahudumia wazee kwenye makao haya. Wanakula, wanaogeshwa, dawa zinakuja kwa saa, vyumba vina joto. Lolote tunaloulizwa kwenye zile fomu zetu, wanalo. Na bado unamkuta mtu kitini, anatazama mlango toka asubuhi. Mwanzoni nilidhani wanalilia watoto wao tu. Wapo wanaowalilia. Ila nilivyozidi kukaa nao nikaona upweke wao una upande ambao sikuwahi kuufikiria: mtu anapewa kutwa, na yeye hana wa kumpa. Anafungwa vifungo, anakatiwa nyama, anasukumwa kwenye kiti. Mama aliyelea watoto sita, leo hakuna hata kiumbe kimoja kinachongoja aamke.

Basi siku yangu ya kwanza pale nikatoka uani, nikakuta banda la kuku. Nilisimama nikashindwa kuondoka, maana sauti ile ya kuku anayetoka kutaga ni ile ile ya Muheza. Hapa Gateshead lipo shirika linaitwa Equal Arts, lililoanzisha mpango wa HenPower wa kuwapa wazee kuku wawafuge, na Chuo Kikuu cha Northumbria kiliufuatilia, kikaona upweke na sonona vinapungua. Sisi hatumo kwenye mpango huo. Makao yetu yaliiga tu, wakanunua mitetea sita.

Kuna mzee mmoja, jina sitalitaja maana kazi yetu ni amana. Alikuwa mchimba makaa ya mawe huku upande wa Durham, na kama wachimbaji wengi wa huku, alifuga njiwa wa mashindano. Mkewe alipofariki akaletwa kwetu, akanyamaza. Chakula vijiko viwili, basi. Siku moja mhudumu mwenzangu akampa kibakuli cha nafaka, akamwambia mikono yake imejaa, amsaidie kuwapelekea kuku. Sasa yeye ndiye wa kwanza kuamka. Kabla hajanijibu salamu ananiuliza, "Wamefunguliwa?" Anakokota fremu yake ya kutembelea mpaka bandani, hatua zile zile ambazo mtaalamu wa mazoezi alimbembeleza miezi akagoma. Mayai anayapanga mwenyewe, na Jumapili binti yake akija haondoki mikono mitupu. Somo, laiti ungeuona uso wa mzee yule anapokabidhi mayai manne! Miezi yote yeye ndiye aliyekuwa akiletewa.

Mwaka ule nilioanza kazi, mafua ya ndege yalienea sana, na tarehe 7 Novemba serikali ikaamuru ndege wote wa kufugwa nchini England wafungiwe ndani. Wazee wetu wakawa wanawaangalia kupitia wavu, hadi Aprili. Mzee wangu hakukosa siku hata moja kwenda kusimama pale nje na koti lake.

Halafu mbweha akaja. Mbweha wa huku wanaingia mitaani usiku kama paka. Alimbeba mtetea mmoja wa rangi ya kahawia, na asubuhi wakubwa wetu wakakubaliana wazee wasiambiwe, anunuliwe mwingine wa rangi ile ile. Nilinyamaza, na mpaka leo najuta. Jioni mzee akahesabu wanaoingia bandani: watano. Akahesabu tena. Akanitazama tu. Nikamweleza ukweli, nikampa pole kama tunavyopeana kwetu, nikakaa naye. Alilia, na katika kumlilia kuku akaanza kunihadithia mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja. Tangu hapo siamini kwamba kumficha mzee msiba ni kumhurumia. Mwenye haki ya kupenda ana haki ya kufiwa.

Usidhani ni mapenzi yangu ya kuku tu yanayosema. Mwaka 1991 daktari mmoja wa Marekani, Bill Thomas, alikuwa akitibu kwenye makao ya Chase Memorial, mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Wazee walikuwa 80 hivi. Aliona wanateketea kwa upweke, kwa unyonge, na kwa kukosa la kufanya, akaomba aingize mbwa wawili, paka wanne na kasuku wadogo mia moja. Kasuku walifika kabla ya vizimba vyao! Wazee waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na wasiotoka vyumbani wakaomba wampeleke mbwa kutembea. Walipojilinganisha kwa miaka miwili na makao mengine ya jirani, dawa walizotumia zilikuwa kama nusu ya za wenzao, na vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 15. Walileta pia mimea na watoto, kwa hiyo sisemi ni kasuku peke yao. Nasema kila mzee alipata cha kukitunza.

Mbwa kwetu huja Alhamisi na mwenyewe. Mimi na wenzangu tulielewana tangu mwanzo, kwa ajili ya udhu wangu: wao wanashughulika na mbwa, mimi na kuku. Lakini nasimama mlangoni natazama. Yupo bibi aliyepotelewa na kumbukumbu, majina ya wanawe hayajui tena, ila mbwa akimwekea kichwa pajani anamwambia, "Umekula wewe?" Hata yule mwanasesere wa mashine kutoka Japani, PARO, mwenye umbo la sili, mnyama wa baharini, anayetikisa mkia ukimpapasa, tuliwahi kuazimwa, na bibi akamuuliza hivyo hivyo. Akatafuta biskuti mfukoni ampe. Wanachokitaka ni kulisha, somo.

Sasa turudi kwa mama. Kumi na wanne ni wengi, najua. Chagueni watatu au wanne, awachague yeye. Uliniambia pale chini pana ua na mwenye nyumba mwenyewe anafuga bata, basi ongea naye. Banda liinuliwe lifike kiunoni, mama asiiname. Kuku wapate chanjo ya kideri kabla ya safari. Paka naye aje, lakini afungwe njuga shingoni, maana macho ya mama si yale, na paka akijipitisha miguuni mtu mzima huanguka. Nimeshuhudia nyonga ikivunjika hivyo.

Na wajukuu wasimnyang'anye kazi. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa kuwa mtafanya kwa mapenzi. "Bibi pumzika, nitawalisha mimi." Mwacheni ashuke ngazi polepole, mtu amfuate nyuma. Siku akiumwa mumsaidie, akipona mumrudishie kibakuli chake.

Mpigie kaka leo, kabla hajapokea hela ya watu. Na uniambie, yule kishingo mweusi aliyekuwa akitagia chini ya kitanda cha mama, bado yupo?

Wako akupendaye,
Somo