Mpunga hubana magugu, lakini palizi ibaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopotoshwa na pande mbili. Upande mmoja wapo wanaowaambia wakulima kwamba kuna mpunga "unaojipalilia", ukishapandwa jembe liwekwe pembeni. Upande wa pili wapo wanaosema huo ni uzushi mtupu, kwamba mpunga hubana magugu kwa kivuli chake tu. Wote wamekosea, na anayelipia kosa hilo ni mkulima.

Mizizi ya mpunga humwaga udongoni vitu vinavyodumaza mimea mingine. Kinachojulikana zaidi ni momilaktoni B. Jina limetokana na neno la Kijapani "momi", yaani ganda la mpunga, kwa sababu momilaktoni zilipatikana kwanza kwenye maganda, mwaka 1973. Mpunga wenyewe huhimili kiasi kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachodumaza Echinochloa crus-galli, lile gugu la jamii ya nyasi linalofanana sana na mpunga likiwa changa. Tena mzizi hautoi kiwango kilekile siku zote: ukiota jirani na gugu hilo, huongeza. Na kwa wanaoshikilia kwamba ni kivuli tu, jibu lilichapishwa mwaka 2012. Mpunga ulionyimwa jeni za kutengeneza momilaktoni ulipoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kulidumaza gugu hilo.

Lakini aina za mpunga hazilingani hata kidogo. Huko Arkansas, Marekani, katika miaka ya 1980, mtafiti Robert Dilday na wenzake waliona baadhi ya mimea ya mpunga imezungukwa na duara tupu, gugu la majini Heteranthera limosa limekataa kuota humo. Walipopima zaidi ya aina 10,000, zilizoonyesha uwezo huo zilikuwa mia kadhaa tu, kama 4 katika kila 100. Mojawapo ya aina zilizosifika kwa uwezo huo, PI 312777, ilitumika kuzalisha aina mpya, Huagan 3, iliyoidhinishwa China mwaka 2009. Hapo ndipo wenye kunadi miujiza hukatiza maelezo. Huagan 3 haikupelekwa shambani peke yake. Ilienda pamoja na mpangilio wa wingi wa miche, maji ya mapema na mbolea ya naitrojeni kwa wakati wake.

Sababu iko wazi ukiangalia kinachotokea ardhini. Kiasi cha kemikali kinachotolewa na mizizi ya mche mmoja kwa siku ni kidogo mno. Vijidudu vya udongo hukivunja, chembe za mfinyanzi na mboji hukishika, na maji yanayopita jarubani hukizimua. Kinachobaki kinatosha kudumaza mbegu inayochipua na mzizi mchanga ulio karibu, basi. Gugu lenye majani matatu au manne limeshapita hatua hiyo. Ndago inayochipua kutoka kwenye kiazi chake ina akiba ya chakula na haisumbuki sana. Kwa hiyo msaada wa mpunga ni wa wiki chache za mwanzo na ni wa sentimita chache kuzunguka shina. Baada ya hapo kivuli ndicho kinachofanya kazi, na kivuli hakiji kama miche imeachana.

Ndiyo maana matayarisho ya shamba yana uzito kuliko jina la mbegu. Jaruba lisawazishwe mpaka tofauti ya kina cha maji kati ya kona na kona isizidi sentimita 5. Kila kichuguu kinachochungulia juu ya maji ni kitalu cha nyasi, na magugu yake yatazaa mbegu za kusambaa jaruba zima. Kisha yahadaiwe magugu kabla ya kupanda: lowesha udongo, subiri siku 10 hadi 14 yaote, yaue kwa kukwangua juujuu. Wengi huharibu kazi hii kwa kulima tena kwa kina, wakaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala chini.

Kupandikiza miche ya siku 14 hadi 21 huupa mpunga muda wa kutangulia wa wiki mbili au tatu ambao hakuna kemikali ya mzizi inayoweza kuufidia. Nafasi ya sentimita 20 kwa 20 hutoa mashina 25 kwa mita ya mraba, na mashamba mengi hufunika udongo mapema kwa nafasi hiyo. Ukienda 25 kwa 25 unabaki na mashina 16. Mavuno yanaweza kuwa mazuri, ila ujue udongo utakaa wazi muda mrefu zaidi na mashine ya kusukuma ya kupalilia lazima iwepo. Anayemwaga mbegu moja kwa moja yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa mpunga na magugu huanza siku moja. Huyo apande kwa mistari ya sentimita 20 ili aweze kupita katikati.

Maji nayo. Kwa miche iliyopandikizwa, anza na sentimita 2 hadi 3 hadi ishike, halafu yapandishe hadi 5 na uyashikilie mpaka majani yagusane. Mbegu nyingi za nyasi hushindwa kuota chini ya maji hayo. Magugu ya majini yenye majani mapana hayajali, na hapo ndipo azola, mmea mdogo unaoelea majini, inapofaa: ikitanda juu ya maji huyanyima mwanga. Isiwekwe wakati miche ingali mifupi, itailaza.

Palizi ya kwanza ifanyike kati ya siku 15 na 20 baada ya kupanda, ya pili kati ya 35 na 40. Mpaliliaji asing'oe kwa kukisia. Akunjue jani pale linapotoka kwenye ala yake: mpunga una utando mwembamba mweupe na visikio viwili vyenye vinywele; Echinochloa crus-galli halina vyote viwili, pale ni laini tupu. Mpunga mwitu una utando huo pia, hivyo dawa yake ni mbegu safi na kupanda kwa mistari, ili chochote kilichoota nje ya mstari kishukiwe. Urea ya kukuzia imwagwe baada ya palizi. Ikimwagwa kabla, magugu hula kwanza.

Kuna kosa jingine linalotokana na nia njema. Mtu akisikia kwamba mabua na maganda ya mpunga yana vitu vya kuzuia magugu, huyafukia mabichi kwa wingi siku chache kabla ya kupandikiza. Miche hugeuka njano na mizizi kuwa myeusi. Mabua yanayooza kwenye tope lisilo na hewa hutoa asidi zinazoumiza mpunga wenyewe, na vijidudu vinavyoyaozesha huteka naitrojeni iliyopo. Utafiti wa Chou na Lin kule Taiwan katika miaka ya 1970 ulihusisha kudorora kwa zao la pili na mabua ya zao la kwanza yaliyokuwa yakioza kwenye mashamba yasiyotoa maji vizuri. Mabua yafukiwe angalau wiki tatu kabla, shamba likaushwe kidogo katikati ili hewa iingie, au yaozeshwe kwanza kwenye rundo.

Anayetaka kujua kama aina yake ya mpunga ina uwezo huu anaweza kuipima. Chukua trei tatu zenye udongo uliochekechwa wa shamba lenyewe, kina cha sentimita 8. Moja iwe na aina A, ya pili aina B, ya tatu isiwe na mpunga. Loweka mbegu saa 24, zifunike saa 24 nyingine zichipue, uzipange mstari mmoja katikati kwa nafasi ya sentimita 2. Siku ya 7 panda mbegu za gugu kwa umbali wa sentimita 3, 6 na 9 kutoka kwenye mstari. Baada ya siku 10 ng'oa taratibu, osha, pima urefu wa mizizi ya magugu. Mzizi huonyesha madhara mapema kuliko jani. Rudia mara tatu. Kabla ya yote, jaribu mbegu za gugu kwenye kitambaa kibichi, kwa sababu nyingi hulala usingizi, na trei isiyoota gugu hata pasipo mpunga imewadanganya wengi.

Shambani, panda aina hizo kwenye vipande vinavyofuatana, usipalilie kwa siku 30, kisha weka fremu ya sentimita 50 kwa 50 mahali patano katika kila kipande. Hesabu magugu, yakaushe, yapime, zidisha wastani wa fremu kwa 4 upate kiasi cha mita ya mraba.

Ombi langu kwa wazalishaji wa mbegu ni kwamba kipimo hiki kifanyike kabla ya aina kuingia sokoni, na matokeo yaandikwe kwenye mfuko karibu na siku za kukomaa na kiwango cha kuota: uzito wa magugu makavu kwa mita ya mraba siku ya 30, ukilinganishwa na aina inayojulikana na wakulima, na jina la gugu lililopimwa. Jina la gugu lisiachwe, maana mpunga unaodumaza gugu moja unaweza usiliguse jingine.

Mtaalamu wa mazao na msomaji wako