Tezi ya nzige na pipa la maji

Mhariri,

Makala yenu juu ya Profesa Thomas Odhiambo imemsifu kwa kuiasisi ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Nairobi, mwaka 1970, na ni haki yake. Lakini utafiti wake mwenyewe mmeuruka, na humo ndimo mna faida kwa kila nyumba inayoweka maji kwenye pipa.

Odhiambo alisoma fiziolojia ya wadudu Cambridge, chini ya Vincent Wigglesworth, akapata shahada ya udaktari mwaka 1965. Mwalimu wake huyo alimchunguza Rhodnius, mdudu mnyonya damu wa Amerika Kusini, ambaye katika kila hatua ya utoto hushiba damu mara moja, kisha hujivua gamba. Akikatwa kichwa mapema baada ya kushiba, huishi miezi na asijivue. Akikatwa siku kadhaa baadaye, hujivua hivyohivyo, bila kichwa. Wigglesworth akawaunga wawili, aliyekatwa mapema na aliyekatwa baadaye, kwa mrija mwembamba na nta, damu ikapita baina yao, na yule aliyekatwa mapema naye akajivua. Basi amri husafiri ndani ya damu. Akapandikiza tezi ndogo ya nyuma ya ubongo kutoka kwa mdudu mchanga kumtia aliyekaribia kukomaa, na huyu akabaki mtoto, kwani tezi hiyo hutoa homoni ya utoto.

Odhiambo aliifuata tezi hiyohiyo kwa nzige dume wa jangwani waliokwisha komaa. Walipoondolewa tezi walirundika mafuta mwilini na wakawa wazito wa kutembea. Kumbe homoni ya utoto ina kazi hata ukubwani!

Pairiproksifeni, dawa ya viluwiluwi vya mbu, huiga homoni hiyo. Kiluwiluwi kikikaribia kuwa pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya mbu kamili, homoni yake hushuka. Dawa huzuia mwili usipate habari ya kushuka huko, na mbu hufia ndani ya pupa au hukwama nusu nje, miguu bado imo ndani ya ganda. Kwa hiyo viluwiluwi kuchezacheza siku chache baada ya kutiwa dawa si dalili kwamba dawa ni mbovu. Anayeongeza nyingine kwa sababu hiyo anapoteza dawa bure.

Kwa maji ya kunywa kikomo cha pairiproksifeni ni miligramu 0.01 kwa lita. Dawa ya chembechembe yenye asilimia 0.5 yake ni gramu 2 kwa lita 1,000, yaani gramu 0.4 kwa pipa la lita 200. Kijiko cha chai hubeba zaidi ya mara kumi ya hapo. Ipimwe kwa mizani ya sonara, si kwa kukisia.

Ukaguzi wa kujua kama dawa inafanya kazi ni huu. Ngoja wiki moja, kwani pupa waliokuwamo kabla ya dawa watatoka mbu kama kawaida na kukupoteza. Kisha chota pupa ishirini hivi pamoja na maji ya pipa lilelile. Ukiwahamishia kwenye maji safi umewatoa kwenye dawa. Funika kikombe kwa kipande cha chandarua, uweke kivulini siku tatu, uhesabu walioruka. Wakiruka wengi, uliza kwanza pipa limejazwa upya mara ngapi, maana kila ujazo huzimua dawa.

Tunaomba makala ya pili, ya kazi ya Odhiambo maabara, na kipimo cha pipa kichapwe pembeni yake.

Walimu wa baiolojia,
Wete, Pemba