Shoga yangu, miguu yako ina maumivu ya aina mbili

Shoga yangu,

Nimesoma ujumbe wako. Umemeza parasetamo, ukaongeza diklofenaki, miguu haikukuacha ulale, na mama mkwe ameshaanza kusema umetupiwa kitu. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa wapo wengi wenye multipo sklerosisi, ugonjwa huu wetu wa neva, wanaokesha hivyo hivyo na hawana wa kumuuliza.

Kwanza tutenganishe mambo. Kuna kukakamaa, na kuna moto. Kukakamaa ni pale mguu unapojinyoosha wenyewe usiku na goti likakataa kukunjwa, au kisigino kinapodundadunda sakafuni ukikanyagia vidole. Moto ni ule mchomo: kanga nyepesi ikikugusa paja, unahisi umepakwa pilipili. Chanzo ni kimoja. Kinga ya mwili imeshambulia mayelini, ule utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo amri na taarifa zinapita ovyo. Lakini tiba zake ni tofauti.

Diklofenaki ni ya uvimbe na maungo. Moto wako unatoka kwenye neva zenyewe, ndiyo maana haukusikia. Kwa huo madaktari hutoa amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini, pregabalini, duloksetini. Usiogope ukisoma kwenye karatasi kwamba ni dawa ya sonona au ya kifafa. Hizo hizo hutuliza neva.

Kwa kukakamaa, dawa ya kwanza mara nyingi ni baklofeni. Huanzwa chini, kwa kawaida miligramu 5 mara tatu kwa siku, halafu hupandishwa taratibu. Inaleta usingizi, na ikizidi inalegeza. Hili la kulegeza wengi hatuambiwi: baadhi yetu tunasimama kwa sababu ya huo huo ukakamavu, na ukiondolewa wote miguu inakunjika. Kwa hiyo mweleze daktari ni saa ngapi unakusumbua na ni saa ngapi unakufaa.

Na hapa nakusihi, shoga: baklofeni haikatishwi ghafla. Ukiiacha siku moja kwa pupa unaweza kupata degedege, kuona visivyokuwepo, na misuli kukaza kuliko mwanzo. Mama mkwe akileta kombe, lipokee kwa heshima, na vidonge viendelee. Nenda duka la dawa pakiti ikiwa bado na vya wiki nzima, maana siku utakayoishiwa ndiyo siku utakayoambiwa haipo, mpaka wiki ijayo.

Miguu ikikaza ghafla kuliko kawaida, usikimbilie kuongeza dozi. Tafuta kinachouchokoza mwili. Mara nyingi ni U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo. Neva zetu zinaweza kuficha maumivu ya kibofu, kwa hiyo huenda usihisi kuungua ukikojoa. Utaona miguu tu imegoma. Mimi miguu yangu hunipa habari kabla ya dalili nyingine yoyote, na siku hizi napeleka mkojo maabara kwanza. Angalia pia choo kigumu, kidonda makalioni kwa kukaa sana, ukucha ulioota kuingia nyamani, hata sketi inayobana kiuno. Kikitibiwa kile kidogo, miguu hulegea yenyewe. Joto nalo lina lake: neva iliyopoteza mayelini hupitisha taarifa vibaya zaidi mwili ukipata moto, kwa hiyo mchana wa Januari hapa Dar ukizidiwa, kaa penye upepo, jimwagie maji, kisha upime tena hali yako. Dalili ngeni ikidumu zaidi ya saa 24, hiyo ni ya hospitali.

Kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, nyoosha goti, zungushia kanga kwenye wayo, ushike ncha zake mbili uvute vidole vije kwako. Vuta polepole, kwa sababu ukishtua misuli inajibu kwa kukaza. Shikilia kama nusu dakika hadi dakika nzima, mpaka usikie shavu la mguu linaachia, kisha geukia mguu wa pili. Mumeo anaweza kukusaidia, ila afundishwe kwanza na mtu wa fiziotherapia.

Ukienda kliniki usiseme tu "miguu inauma." Sema: hapa panakaza, hapa panaungua, saa hizi. Kisha niandikie alichokupa na kiasi gani, tukipitie pamoja.