Dirisha la saa tano asubuhi

Mwanangu kipenzi,

Salamu zako nimezipata, na za mjukuu wangu pia. Umeniuliza ulikuwa ukitazama nini kwenye televisheni ulipokuwa na umri wake, tulipokuwa tukiishi London, kabla hujaanza shule. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hilo lilinigusa mno na sijawahi kukueleza.

Sisi tulikuwa watu wa BBC2. Katika miaka ya 1970 Uingereza nzima ilikuwa na chaneli tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV, na BBC2 ilikuwa kimya sehemu kubwa ya mchana. Siku za kazi ilifungua saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi kwa masomo ya Open University, chuo kikuu kilichowafundisha watu majumbani mwao kwa vitabu vilivyoletwa na posta, kwa redio na kwa televisheni. Masomo yale yalianza kurushwa Januari 1971, na mtu aliweza kujiunga hata kama hakuwa na cheti chochote. Baba yako aliyafuata kabla ya kwenda kazini, sauti ameipunguza usije ukaamka, daftari pajani. Hatukuwa na mashine ya kurekodi, kwa hiyo alichokikosa kuandika kilikuwa kimempita.

Masomo yakiisha, chaneli ilifungwa, na ikabaki picha moja isiyotikisika huku muziki ukipiga. Wewe uliipenda picha hiyo kuliko vipindi vingi! Ni ya msichana aliyekaa mbele ya ubao, pembeni yake mwanasesere aitwaye Bubbles, na ubaoni wamechora mchezo wa msalaba na duara. Msichana huyo ni Carole Hersee. Aliyeibuni picha ni baba yake, George Hersee, mhandisi wa BBC, nayo ilirushwa mara ya kwanza Julai 1967, televisheni ya rangi ilipokuwa ikianza. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia mafundi na wauza televisheni kurekebisha mitambo: mistari ya kupima ukali wa picha, vipande vya rangi ukingoni, na ngozi ya mtoto ili waone kama rangi zimekaa sawa. Hata ule msalaba ubaoni ulipangwa uangukie katikati kabisa ya kioo cha televisheni. Napenda kuwa mzee yule, alipotafuta uso wa kupimia rangi, alimweka binti yake.

Saa tano ndipo kilipoanza kipindi chako, Play School. Hicho ndicho kipindi cha kwanza kabisa BBC2 kuonesha kama ilivyopangwa. Chaneli ilitakiwa kuzinduliwa usiku wa tarehe 20 Aprili 1964, lakini moto katika kituo cha umeme cha Battersea ukazima sehemu kubwa ya London na sherehe zikavunjika. Kesho yake saa tano asubuhi, watoto wadogo ndio wakaifungua.

Kulikuwa na nyumba yenye madirisha ya maumbo mbalimbali, duara, mraba na la upinde. Mtangazaji aliuliza leo tutapita dirisha gani, kisha akanyamaza kidogo. Wewe ulikimbia mpaka kwenye kioo, ukaweka kiganja juu ya dirisha ulilolichagua, ukanigeukia kuona kama nimekuona. Kamera ikalisogelea dirisha, na nyuma yake kukatokea filamu ya mambo ya kweli, pengine kiwanda, pengine wanyama. Watangazaji walizungumza kana kwamba wanamwambia mtoto mmoja tu, na wewe ulikuwa ukiwajibu. Walikuwepo na wanasesere wa kipindi: Humpty, Jemima, dubu wawili wa kitambaa, na Hamble, ambaye hukumpenda.

Sasa nifike penye moyo wangu. BBC hiyohiyo, kwenye chaneli ya kwanza, ilikuwa na onyesho lililoitwa The Black and White Minstrel Show, ambamo wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni wakaimba na kucheza. Lilianza 1958 na halikuondolewa hadi 1978. Watu walilitazama kwa mamilioni, na mimi nilikuwa nikipanda basi na watu haohao. Ndipo ujue nilihisi nini kumwona Derek Griffiths, kijana mweusi mzaliwa wa Uingereza, akikuimbia nyimbo na kukuchekesha kwa vituko vya uso wake mwenyewe. Mwaka 1976 akaja Floella Benjamin, mzaliwa wa Trinidad, nywele amesuka na shanga zikilia akitikisa kichwa. Ulinishika mkono ukaniambia, “Mama, huyo shangazi.” Sikukusahihisha. Jioni ile nilikusuka, nikakutilia shanga kama zake.

Kipindi kikiisha, ile picha ya Carole ikarudi na wewe ukaenda kucheza. Ya jioni hayakuhusu sana, yalikuwa masomo tena, habari, tamthilia, na karibu na usiku wa manane wanafunga.

Play School ilimalizika 1988. Miaka miwili kabla, Hamble aliondolewa, mahali pake akaletwa Poppy, mwanasesere mweusi. Wewe ulikuwa umeshakua, lakini nilifurahi kwa niaba ya watoto wa wengine. Floella Benjamin naye tangu 2010 ni mjumbe wa Bunge la Mabwana la Uingereza, na angali akiwasemea watoto humo.

Kanda nyingi za kipindi hicho zilifutwa, na hilo linaniuma. Vipo vilivyobaki. Mkivipata, mkalishe mjukuu wangu mbele ya kioo, usimwambie dirisha gani, halafu niandikie amechagua lipi.

Mama yako